Kizunguzungu baada ya kufungua mfuniko wa tangi la mafuta ghafi, ditekta ya gesi ya sumu ya H2S (haidrojeni salfaidi) haikulia. Ni nini hii?

Mpima_Tangi

Wakuu habari za kazi. Naomba mawazo kwa wanaofanya au waliowahi kufanya kazi kwenye visima vya mafuta, maana hapa nilipo kila ninayemuuliza ana jibu lake na hakuna linalofanana na lingine.

Kazi yangu ni kupima matangi na kuchukua sampuli. Unapanda ngazi, unafungua mfuniko wa juu, unashusha tepu, unasoma kina, unaandika, unafunga, unahamia tangi la pili. Shifti ya usiku mara nyingi niko peke yangu, supavaiza yuko kwenye kontena lake huko mbali.

Sasa juzi alfajiri nimefika matangi ya mwisho, yale yanayopokea mafuta moja kwa moja kutoka kwenye kitenganishi, ile mashine ya kutenganisha mafuta na gesi na maji, yaani bado ya moto moto. Upepo hakuna kabisa. Nimefungua tu mfuniko, mvuke ukatoka kwa nguvu, ukimulika na tochi unaona hewa inachezacheza pale mdomoni kama juu ya lami wakati wa jua kali. Nikainama kusoma tepu. Baada ya hapo masikio yakaanza kuvuma, miguu ikaisha nguvu, nachokumbuka kingine ni kwamba nimekaa kwenye jukwaa nimeegemea reli, tepu imeningʼinia ndani ya tangi na mfuniko uko wazi. Muda gani nilikaa pale sijui. Kichwa kiliuma mpaka kesho yake jioni.

Ditekta yangu ya H2S ilikuwa kifuani, imewashwa, betri nzima, haikulia hata mara moja. Mtu wa usalama akaja akaiangalia akasema basi hapakuwa na gesi, hilo ni joto na kukosa usingizi, kanywe maji. Kwenye daftari la zahanati ya kambi wameandika "uchovu".

Naulizia hivi: inawezekana ikawa ni gesi na ditekta isilie? Na kama ni gesi nipime nini hospitali? Afu kuna hili la mikono, kabla ya hapa nilikuwa upande wa tope la kuchimbia, ngozi ya vidoleni imepasuka na haiponi mpaka leo, sijui kama vinahusiana.

---

Tope_Zito

Pole sana kijana. Ulisikia harufu ya mayai viza? Kama hukusikia basi siyo H2S, hiyo gesi inajitangaza yenyewe kabla hata hujafika juu. Mi nimekaa rigi miaka mingi, pua ndo ditekta ya kwanza. Mikono hiyo ni tope la mafuta, paka grisi kabla ya kazi.

---

Chini_ya_Upepo

Mkuu Tope_Zito heshima yako ipo ila hilo la pua naomba ulifute kabla halijaua mtu.

H2S pua inaisikia ikiwa kidogo mno, chini hata ya 1 ppm, yaani sehemu moja kati ya milioni ya hewa. Ikifika kama 100 ppm pua inakufa ganzi ndani ya dakika chache, harufu inapotea na we unaona imeisha kumbe imeongezeka. Ikifika 500 mpaka 700 unayumba na kuanguka ndani ya dakika tano hivi, ikivuka 1,000 ni pumzi moja mbili umekwisha. Na ni nzito kuliko hewa, inatambaa chini, inajaa kwenye mashimo na vyumba vya pampu. Kwa hiyo anayetegemea pua anategemea kitu kinachozimika pale pale anapokihitaji.

Kuna tukio la Odessa, Texas, Oktoba 2019, liko kwenye ripoti ya bodi ya Marekani inayochunguza ajali za kemikali. Mhudumu wa visima aliitwa usiku na alamu ya pampu, akaenda peke yake, ditekta yake ya kuvaa hakuwa nayo mwilini, na mfumo wa alamu ya gesi wa kituo haukufanya kazi inavyotakiwa. Akafia kwenye nyumba ya pampu. Mke wake alipoona kimya akamfuata kumtafuta, naye akafia hapo hapo. Watoto walikuwa kwenye gari nje. Na China, Desemba 2003, kisima cha gesi kilifumuka karibu na Chongqing, watu 243 wakafa, wengi ni wanakijiji waliokuwa majumbani kwao wala hawakuwa wafanyakazi wa kisima. Hiyo ndo H2S.

Sasa turudi kwa mleta mada, maana nadhani yake siyo H2S kabisa na hapa ndo watu wengi wanapotea.

Mafuta yakitoka kwenye kitenganishi yana presha bado, yakiingia tangini ambako presha ni ndogo zile gesi nyepesi, propani, butani, pentani, zinachemka na kutoka. Zinajikusanya juu ya mafuta chini ya paa la tangi. Ukifungua mfuniko zinakutokea usoni zote kwa pamoja, na we ndo umeinama hapo hapo kusoma tepu. Zinafanya mambo matatu kwa wakati mmoja: zinasukuma oksijeni nje, zinakulewesha ubongo, na zinaufanya moyo uwe mwepesi kupoteza mapigo. Masikio kuvuma, miguu kuisha nguvu, kutokukumbuka, ndo zenyewe hizo.

Na ditekta yako ya H2S haioni hata moja kati ya hizo! Imetengenezwa kuona H2S tu. Ikikaa kimya imekwambia kitu kimoja tu, hapakuwa na H2S ya kutosha kuiamsha. Haijasema hewa ni salama. Mtu wa usalama anayesoma ukimya wa ditekta ya gesi moja akasema hapakuwa na gesi, huyo anahitaji kurudishwa darasani.

Hii siyo nadharia ya mitandaoni. Taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama kazini, NIOSH, ilikusanya vifo vya wafanyakazi tisa kati ya 2010 na 2014, wote walikuwa wanapima au kuchukua sampuli kwenye matangi ya namna hiyo. Wengi walikutwa peke yao karibu na mfuniko. Na baadhi vilishaandikwa kama vifo vya moyo vya kawaida kwa sababu daktari akipasua anakuta mishipa ina mafuta kidogo anaandika moyo basi, hakuna aliyemwambia marehemu alikuwa ameinama juu ya tangi. 2016 wakatoa tahadhari ya pamoja na OSHA, wasimamizi wa usalama kazini wa Marekani.

We umepata ya kusimulia. Usikubali iitwe uchovu.

---

Mpima_Tangi

Aisee nimesoma mara mbili. Hiyo ya kuinama usoni ndo kila siku. Tepu ni ya zamani namba zimefutika bila kuinama husomi. Na sasa nimeambiwa nivae maski ya nusu uso yenye vichujio vile vya pembeni, itatosha?

---

Chini_ya_Upepo

Haitoshi. Kichujio kinachuja kilichomo kwenye hewa, hakitengenezi oksijeni. Kama oksijeni imesukumwa nje utavuta hewa safi isiyo na oksijeni na utaanguka ukiwa umevaa maski yako vizuri. Tena propani na butani vichujio vya kawaida vya mvuke havizishiki sawasawa. Pale penye mvuke wa namna uliousimulia kinachofaa ni hewa ya kwenye mtungi au ya bomba, uso mzima, umefundishwa kuvaa na ndevu zimenyolewa maana ndevu zinaachia hewa pembeni.

Ila hata mtungi ni hatua ya mwisho. Ya kwanza ni kwa nini mnafungua mfuniko hata kidogo? Kuna vipimo vya kina vinavyosomeka ukiwa chini, na API, chama cha kampuni za mafuta cha Marekani, wana kiwango tangu 2016 kinachoeleza namna ya kupima mafuta ya kuuza bila kufungua mfuniko wa juu. Kampuni zikisema haiwezekani zinamaanisha hazijataka kununua.

Mpaka wanunue: ditekta ya gesi nne, inayopima pia oksijeni na gesi zinazolipuka, ivae karibu na pua siyo kiunoni. Oksijeni ikishuka chini ya asilimia 19.5 au gesi ikifika asilimia 10 ya kiwango cha chini kabisa cha kulipuka, shuka, usisubiri usome namba kwanza. Simama upande upepo unakotokea. Fungua ukiwa umegeuza uso, rudi nyuma, acha tangi lipumue kwanza. Upepo ukiwa hakuna, kama ulivyosema wewe alfajiri, ndo wakati mbaya kuliko yote. Na usiende peke yako, ila mwenzako akae chini mbali anakuona, asipande na wewe. Ukianguka asipande bila mtungi! Wanaokufa wa pili mara nyingi ni waokoaji.

Na kitu kingine watu wanasahau, ule mvuke unaochezacheza ni moto unaosubiri cheche. Simu, tochi isiyo ya aina ya kuzuia mlipuko, hata umeme wa nguo yako. Shika reli ya chuma kwa mkono mtupu kabla ya kufungua.

---

Bomba_Kavu

Mnamtisha mtu bure. Tumefungua matangi tangu enzi na tuko hai. Kizunguzungu cha mara moja siyo kesi, vijana wa siku hizi wakihisi kitu kidogo tu wanakimbilia kushitaki.

---

Nesi_wa_Kambi

Bomba_Kavu, waliokufa hawawezi kuingia hapa kukujibu kaka.

Mpima_Tangi, mi ni nesi, nimefanya kazi zahanati za kambi kwa hiyo nitasema kwa upande wangu. "Uchovu" siyo ugonjwa, ni neno la kufunga daftari. Rudi pale, uombe waandike upya, na kama hawataki andika wewe barua au hata ujumbe kwa supavaiza ili ubaki na tarehe. Weka saa, namba ya tangi, ulikuwa unafanya nini, mafuta yalikuwa yanaingia wakati huo au la, upepo ulikuwaje, ditekta ya aina gani, nani alikukuta, ulipoteza fahamu au la. Hilo la kupoteza fahamu liandikwe kwa maneno yako mwenyewe usikubali liwe "alijisikia vibaya". Sababu ya haraka hii ni kwamba gesi hizi hazikai mwilini. Propani na butani ndani ya masaa zimeshatoka kwa pumzi, na hata ingekuwa H2S ukipima damu wiki ijayo hukuti kitu. Kwa hiyo ushahidi wako siyo maabara, ushahidi wako ni maandishi ya siku ile.

Hospitali mwambie daktari kazi yako kabla ya dalili. Akijua umepoteza fahamu juu ya tangi atapima moyo kwa mashine ya ECG, atakuangalia kichwa kama uligonga ulipoanguka, na atakuuliza kumbukumbu na usingizi. Watu walioangushwa na gesi wakati mwingine wanabaki na kichwa kuuma, kusahausahau na hasira za karibu kwa wiki au zaidi, na kazini wanaambiwa amekuwa mvivu.

Halafu kuna benzini. Hii imo kwenye mafuta ghafi yenyewe na kwenye kondenseti, yale mafuta mepesi yanayotoka pamoja na gesi, ndo zaidi, inatoka na mvuke ule ule. Haikuangushi siku hiyo ila ikizoea kuingia mwilini inaharibu uboho wa mifupa na inasababisha saratani ya damu, miaka baadaye, ukiwa umeshaacha kazi hiyo. OSHA wanaruhusu 1 ppm kwa shifti ya masaa nane, NIOSH wao wanashauri isizidi 0.1. Kwa hiyo omba kipimo cha damu kamili sasa hivi, hata kikiwa kizuri kabisa, kiwe cha kulinganishia kila mwaka. Kuna na kipimo cha mkojo kinachoonyesha umevuta benzini kiasi gani ila lazima kichukuliwe mwisho wa shifti ile ile, ukienda ukiwa likizo hakina maana. Majibu omba nakala yako. Kambi zinafungwa, kontrakta wanabadilika, mafaili yanapotea, na miaka kumi na tano baadaye utakayeulizwa vielelezo ni wewe.

Mikono sasa. Usipake grisi. Samahani mzee Tope_Zito ila grisi inabana uchafu ule ule kwenye ngozi. Tope la mafuta linaondoa mafuta ya asili ya ngozi, vinyweleo vinaziba unapata vipele mapajani na mikononi pale ovaroli inapolowa, na likiwa na magadi makali (kostiki soda) ndani linaunguza kidogo kidogo bila wewe kujua. Vidole vilivyopasuka na haviponi inaweza kuwa ni ngozi imekataa kemikali moja maalum, mzio kabisa, na mzio ukishaingia hautoki, hata tone dogo linaamsha. Daktari wa ngozi anaweza kukubandika vipimo mgongoni ajue ni ipi. Kabla hujaenda tafuta SDS, yaani karatasi za maelezo ya usalama wa kemikali, za kila kilichokuwa kinamwagwa kwenye lile tope, ni haki yako kuziona, zina sehemu 16, we soma ya 2 ya hatari, ya 4 ya huduma ya kwanza na ya 8 inayotaja glovu gani. Na kunawa mikono kwa dizeli acheni jamani, nimeona sana.

---

Tope_Zito

Nesi nimekuelewa, la grisi naacha. Ila kwa kuwa tumefika kwenye tope ngoja niongezee maana hapo ndo nyumbani kwangu.

Magadi makali, kostiki soda ile ya vipande na siyo magadi ya kupikia, inapoingia kwenye pipa la kuchanganyia ni soda inayowekwa kwenye maji pole pole, kamwe siyo maji juu ya soda, inalipuka usoni. Na ubaya wake haiumi mwanzo kama asidi, unahisi utelezi tu kwenye vidole, huo utelezi ni ngozi yako inayeyuka. Ikiingia jichoni siyo kupangusa, ni maji yanayotiririka dakika 15 kamili ukiangalia saa, na kwa magadi usiishie hapo, endelea kumwagia hata ukiwa njiani kwenda hospitali. Kabla ya kufungua mfuko wa kwanza mi lazima nikafungue lile bomba la kuoshea macho nione maji yanatoka na siyo ya kutu. Mara ngapi unakuta limefungwa valvu kwa sababu lilikuwa linavuja.

Yale maji mazito ya chumvi, ya kalsiamu na hasa ya zinki bromaidi, yanakula ngozi ya mnyama. Glovu za ngozi na buti za ngozi zinayanywa na kuyabakiza kwenye mguu wako shifti nzima. Vaa mpira.

Na wale wa kutia asidi kwenye kisima. Kama mchanganyiko una haidrofloriki, hata asilimia 3 tu, tafadhali. Ikidondoka kwenye ngozi inaweza isiume masaa mengi, hadi siku nzima, huku inazama ndani inavuta kalsiamu ya mwili mpaka moyo unasimama. Jeli ya kalsiamu glukoneti ya asilimia 2.5 iwe pale kazini, kwenye gari, na mtu anajua iko wapi. Kama haipo kazi haianzi. Hapo huwa sibembelezi mtu.

---

Bomba_Kavu

Hiyo ya haidrofloriki ni kweli, nimeshuhudia mtu akilala vizuri na kuamka na kidole cheusi. Haya la matangi nimesikia. Lakini mnajua akikataa kupanda kesho wanaleta mwingine kesho kutwa.

---

Mpima_Tangi

Hilo ndo linaniumiza kichwa zaidi ya gesi. Mkataba wangu ni wa miezi mitatu mitatu. Nikisema sipandi si ndo mwisho wangu?

---

Chini_ya_Upepo

Sitakudanganya, wapo wanaoondolewa kimya kimya. Lakini kwenye karatasi uko na nguvu kuliko unavyodhani. Mkataba wa ILO, shirika la kazi duniani, namba 155 wa 1981 unasema mfanyakazi aliyejiondoa kwenye kazi akiwa na sababu ya msingi kuamini kuna hatari kubwa iliyo karibu asiadhibiwe, na ule namba 170 wa 1990 umerudia hilo hilo kwa kemikali hasa. Juni 2022 ILO waliingiza usalama kazini kwenye haki za msingi, kwa hiyo nchi mwanachama inatakiwa kuheshimu kanuni hiyo hata kama haijasaini mkataba wenyewe. Sheria ya nchi ulipo ndo itasema inatekelezwaje, iulize ofisi ya kazi au chama.

Namna ya kusema ina uzito. Usiseme "sipandi". Sema "niko tayari kupima, naomba ditekta ya gesi nne, mtungi wa hewa na mtu wa kunitazama, kwa sababu tarehe fulani nilipoteza fahamu kwenye tangi namba fulani". Kwa maandishi. Hapo umekubali kazi na umetaja kinachokosekana, akikufukuza amefukuza mtu aliyeomba kifaa. Na watafute wapimaji wenzako wa shifti nyingine, waulize taratibu kama wamewahi kuvumwa masikio kwenye matangi yale. Nakuhakikishia hauko peke yako, watatu mkiandika barua moja inasomwa tofauti.

---

Mpima_Tangi

Nimeuliza mmoja jana wakati wa kubadilishana shifti. Akacheka akasema yeye huwa anapumzika ngazini kidogo kila akimaliza lile tangi la mwisho "mpaka kichwa kitulie", alidhani ni umri. Tunaandika pamoja leo usiku. Nesi, kile kipimo cha mkojo wanachukulia chupa yoyote au lazima waje na ya kwao?

---

Nesi_wa_Kambi

Maabara itoe chupa yake na maelekezo ya kuihifadhi, zinatofautiana, wapigie kabla ya shifti wakwambie. Wote wawili mchukue shifti moja. Na uvutaji sigara mwambieni anayepima, moshi wa sigara una benzini pia unaweza kuvuruga majibu.

Umwambie na mwenzako akapime moyo.